Mkono Tulioukanda

Uvimbe wa mama ulikuwa kwenye paja la kushoto, na kufikia mwezi wa pili hakuweza tena kukaa kwenye kigoda kuchambua tumbaku. Tukatoka Ulyankulu tukaja Tabora mjini, kwenye hospitali iliyokuwa ikijaribu dawa mpya ya saratani. Tulipanga chumba mtaa wa Ng'ambo kwa Bi Tunu, mjane anayeshona kanzu na kuwasemea watu wote waliopo. Mimi si msemaji. Niliacha shule darasa la tano, na mbele ya watu wenye makoti meupe ulimi wangu huwa mzito.

Daktari Masolwa alituonyesha kichupa chenye maji meusi, kama yamekorogwa na masizi. Alisema humo mna chembe za kaboni, ndogo hata hadubini ya kawaida haizioni, na kila chembe imebeba dawa. Zingeingizwa kwa dripu, zizunguke kwenye damu siku mbili huku zikijikusanya kwenye uvimbe. Siku ya tatu angelimulika paja kwa taa maalumu. Chembe zingepata joto na dawa ingetoka pale pale, bila kuutesa mwili mzima.

"Babu wa babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani," alisema. "Hizi nazo ni wapagazi. Zikikuta joto, zinatua mzigo."

"Na wapagazi wezi je?" mama akauliza.

Daktari akacheka, akasema hawa wake hawana mikono ya kuibia. Kisha akatuonya kwamba paja lisikandwe wala lisipigwe jua mpaka siku ya taa. Nilitaka kuuliza kama ni paja tu. Swali lilikuwa tayari mdomoni. Akauliza kama tumeelewa, nikaitikia kwa kichwa.

Kesho yake mkono wa kulia wa mama, pale ulipochomwa sindano ya dripu, ulivimba na kuuma. Bi Tunu akachemsha maji ya chumvi. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba daktari amekataza.

"Amekataza paja, na paja hatuligusi," alisema. "Mkono ni mkono, mwanangu. Au umesomea udaktari hukutuambia?"

Mama akacheka naye. Kitambaa nilikishika mimi. Nilimkanda asubuhi na jioni, maji ya moto kiasi cha kuvumilika, nikijihadhari hata tone lisiangukie pajani. Mkono ukanywea kidogo, tukashukuru.

Siku ya taa ilipofika, kiganja cha mkono ule kilikuwa kimejaa malengelenge; paja likamulikwa hivyo hivyo. Baada ya wiki mbili, kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vyeusi, na uvimbe wa pajani ulikuwa umepungua kidogo sana. Daktari akatuita ofisini. Akauliza kama kuna kitu chochote cha moto kilichogusa mkono ule.

"Hakuna," mama akasema. "Dawa yenu ndiyo mbaya."

Daktari akasema kama dawa inajimwaga yenyewe njiani, hawezi kumpa awamu ya pili. Angemtoa kwenye jaribio siku hiyo hiyo, na dawa nyingine ya uvimbe ule hawakuwa nayo. Mama hakutikisika. Alikuwa tayari kufa ili mimi nisionekane mwenye kosa.

Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama, ningeweza kusema nimekaa.

"Nilimkanda mimi," nikasema. "Mkono. Kwa maji ya moto."

Mama akanitazama kama mtu asiyenijua. Daktari aliweka kalamu chini.

"Nilisema paja," akasema. "Nilipaswa kusema mwili mzima."

Akaandika maneno yangu, kisha akaandika na yake.

Hawakumtoa. Vidole viwili vilikatwa Jumanne iliyofuata. Lakini awamu ya pili haiwezekani mpaka kidonda kifunge, nacho kinafunga polepole, na uvimbe hausubiri. Leo ni wiki ya sita tangu Jumanne ile. Mama hasemi nami. Akitaka maji humwambia Bi Tunu aniambie, nami nimekaa pale pale. Juzi nilimsikia akimwambia, "Nilimfunika, akajifunua. Akanifanya mwongo mbele ya watu." Bi Tunu aliendelea kushona. Tangu vidole vikatwe, hata yeye maneno yamempungua.

Asubuhi hii hospitalini daktari alipima paja na kuandika. Nikamwuliza limeongezeka kiasi gani. Akasema sentimita tatu. Nikamwuliza kama tutaiwahi awamu ya pili.

"Sijui, dada," alisema. "Tufungue bandeji tuone."

Alisogea kitandani, lakini mama akauvuta nyuma mkono wenye bandeji. Akaunyoosha kwangu, macho yake yakiwa ukutani, nifungue mimi.