Sori ya Meneja

Meneja alinikanyaga kidole cha mguu, akasema sori, macho yake yakiwa kwenye simu. Hiyo ilikuwa ya kwanza asubuhi ile. Akatoa nyingine kwa kuwa kahawa haikuwa na sukari, nyingine simu ilipolia, na nyingine tena, aliyoipandisha sauti mwishoni, kwa kuwa hakunisikia nilipomsalimu. Nilikuwa bado sijaketi.

Mimi ni mkalimani. Kazi yangu ni kukaa kati ya watu wasioelewana lugha na kuwa ulimi wa kila upande. Nimekipenda Kiingereza tangu utotoni, hasa vile vineno vyake vidogo vinavyobebeshwa mizigo kama punda wa sokoni. Sori nilikuwa nikiihesabu miongoni mwa maneno ya kiungwana. Siku hiyo ilinitia kinyaa kama unywele uliokutwa ndani ya uji.

Kiwanda chenyewe ni cha ngozi. Uvundo wake humpokea mgeni kabla ya mlinzi wa getini: mafuta ya wanyama, chokaa, na kitu kingine kilichooza ambacho hung'ang'ania kooni. Ofisini kwa meneja walikuwa wamepuliza marashi ya ndimu, na hayo ndiyo yaliyonichafua roho zaidi. Uvundo wa nje angalau ulikuwa haujifichi.

Fundi wa mitambo alikuwa amefia ndani ya tangi la maji machafu. Mjane wake alikuwa njiani, pamoja na mama mzazi wa marehemu, wanakuja kusikia kiwanda kina neno gani. Mtaani habari ilikuwa imekwisha kuenea kwamba fundi aliingia tangini akiwa chakari. Wakili wa kiwanda alikuwa ametoka makao makuu, mtu asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, sawa na meneja mwenyewe. Akafunga mlango.

"Hii habari ya pombe ina ukweli wowote?" alimwuliza meneja.

"Hapana. Lakini watu wameshaiamini."

"Basi ibaki hivyohivyo. Pampu je?"

Meneja alisema pampu ilikuwa imekufa siku nyingi, iko katika hali ya kusikitisha, na hapo pia akatumia sori ileile. Kumbe hata chuma kibovu kina fungu lake katika neno hilo. Kabla ya kushuka tangini kuzibua, fundi alikuwa ameomba barakoa ya kujikinga na gesi ya sumu. "Nikamwambia zimeagizwa, azibue tu upesi, ni kazi ndogo," alisema, huku akifuta kahawa kwenye mdomo. Alilisema jambo hilo kama mtu anayeeleza jinsi mvua ilivyomharibia safari.

Wakili akanigeukia. "Sori mnaisemaje kwa lugha yenu?"

"Inategemea. Kuna pole, ambayo huambiwa mtu aliyefikwa na jambo, hata kama wewe huhusiki. Na kuna samahani, ya mtu aliyekosa."

"Basi ni pole. Hiyo nyingine isitoke mdomoni mwako." Akatabasamu. "Ikitoka, wewe ndiye utakayekuwa sori."

Wakacheka wote wawili. Nilijua kwamba neno hilo hutumika kwa kutisha pia, ila nilikuwa sijawahi kutishwa nalo mimi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimemfunulia maneno yetu kama mwuza duka anayefunua vitambaa mezani, naye akachagua kile kisichomgharimu. Nilijichukia. Niliomba ruhusa, nikaenda msalani kusukutua mdomo, na maji ya bomba nayo yakawa yananuka ngozi.

Niliporudi, wale wanawake wawili walikuwa wamefika. Walikuwa wamekaa upande mmoja wa meza, kiti kitupu kikiwa katikati yao. Mjane alimimina maji kwenye glasi, akaisogeza kwa mama mkwe wake. Mama mkwe hakuitupia hata jicho.

"Utuwie radhi, dada," mjane aliniambia kwa sauti ya chini. "Tangu waseme alilewa, mama hali nilichopika wala hanywi nilichokitia mkono. Anasema mimi ndiye niliyemkosesha mwanawe amani hadi akaingia kwenye pombe. Leo nimemwomba aje asikie mwenyewe."

Bibi mzee hakugeuka. Alikuwa ameupakata mkoba wake kwa mikono miwili, kama abiria asiyemwamini jirani yake.

Meneja alikohoa kidogo, akasema kwamba yeye binafsi, na kiwanda kizima, walikuwa sori sana. Nami nikasema, "Mimi binafsi, pamoja na kiwanda kizima, tunawapa pole sana."

Ndivyo kazi yetu ilivyo. Mkalimani hasemi "anasema". Yule akisema mimi, nawe unasema mimi, akilia kwa maneno, unalia naye, akitukana, unatukana. Mwalimu wangu alitufundisha tuwe bomba: lipitishe kila kitu, lisionje kitu. Na kilichosemwa chumbani hubaki chumbani, la sivyo hakuna atakayekuita tena. Sheria hiyo nilikuwa nimeitii hata nikaizoea, na watu wengi wamenisifu kwayo.

"Tumeshukuru," alisema mjane. "Pole tumepewa na majirani, na hata wapita njia. Muulize jambo moja tu. Mume wangu aliingia mle akiwa amelewa?"

Nikamfasiria. Meneja alimtazama wakili, kisha akavaa uso wa msibani. Aliuvaa upesi kama mtu anayevaa koti la kuazima. Akaanza na sori: alikuwa sori kusema hivi, asingependa kumwongezea mama huyu machungu, lakini ukweli ni kwamba marehemu alikuwa amekunywa. Mkono wake ulikuwa umelala kifuani. Huuma na kupuliza, kama panya anayekutafuna unyayo ukiwa usingizini.

Sentensi ilikuwa tayari kinywani mwangu, imenyooka, haina kosa: nasikitika kukuambia kwamba mume wako alikuwa amelewa. Mimi ndiye niliyepaswa kuisema, kwa mdomo huu ninaobusia wanangu. Mate yakanijaa. Nikashika ukingo wa meza, nikayameza.

"Anasema," nikasema, "kwamba anasikitika. Anasema marehemu alikuwa amekunywa."

Mjane alijifunika uso kwa ushungi. Wakili aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Lakini bibi mzee aligeuka, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

"Mwanzo ulikuwa unasema mimi," alisema taratibu. "Sasa unasema anasema."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe, mwanangu? Wewe unasemaje?"

Katika kazi hii nimeulizwa maana ya maneno mengi. Swali hilo sikuwahi kuulizwa. Nilimtazama wakili na tabasamu lake la tishio, nikafikiria simu ambazo hazitalia tena, na majina ya watu watakaoambiwa kwamba siaminiki. Niliogopa, siwezi kudanganya. Lakini uvundo ulikuwa umekwisha kuyashinda yale marashi ya ndimu, umejaa chumba kizima, na nilijua kwamba nikinyamaza nitakwenda nao nyumbani, nilale nao, niamke nao.

"Samahani, mama," nikasema. "Nisamehe. Mwanao hakuwa amelewa."

Nikaanzia mwanzo: pampu iliyokufa, barakoa aliyoiomba akanyimwa, mtu aliyemwambia azibue upesi, na mkono wangu ukamwonyesha mtu huyo alipokaa. Nikawaeleza habari ya pombe ilivyoamuliwa mezani hapo, muda mfupi kabla hawajaingia. Kila mara nilisema mimi: mimi nilikuwepo, mimi nilisikia, mimi ndiye niliyewapa neno la kuwaambia. Kiswahili changu, ambacho hulipwa kwa kunyooka, kilikwenda kikijikwaa.

"Sori?" alisema meneja, akipandisha sauti mwishoni. Alinitazama mimi, akamtazama wakili. "Sori? Anawaambia nini?"

Hakuna aliyemfasiria. Mjane alikuwa analia uso wazi. Mama mkwe aliufungua mkono mmoja kutoka kwenye mkoba, akaivuta ile glasi karibu, akanywa maji hadi yakaisha, kisha akamnyooshea mkamwana wake glasi tupu, amwongezee.