Shangazi Apewa Siri

Kumpa Shangazi siri ni kuteka maji kwa pakacha, na ukoo mzima ulilijua hilo. Lakini siku ile hawakuwa na mtu mwingine.

Saa tatu asubuhi simu yake ilitetema juu ya cherehani. Kaka yake alikuwa hospitali, ananong'ona kama mwizi: binti yake mdogo kajifungua! Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, kelele wodi nzima! "Ila dada mtu asijue," akasema. "Mzuie hapo kibandani mpaka jioni, tutafute maneno ya kumwambia."

Dada mtu, binti mkubwa wa kaka yake, alikuwa hapo hapo, hatua tatu tu, anashona matundu ya vifungo. Miezi mitano nyuma naye alijifungua, kabla ya wakati. Mtoto aliishi siku kumi na moja katika chumba cha joto cha hospitali, na aliyeruhusiwa kuingia ni mama peke yake. Alipofariki, Shangazi ndiye aliyekimbia nyumbani akazoa kila kitu, nepi, shuka, kofia, asije mzazi akaviona. Ndiye pia aliyetoa amri kwamba mtoto asitajwe. Dada mtu akajifungia chumbani miezi miwili. Sasa ndiyo kwanza ameanza kula na kurudi kazini, na Shangazi aliogopa mno kwamba neno moja lingemrudisha kule.

Basi akauma ulimi. Lo, mateso gani hayo! Furaha ilimpanda toka nyayoni, ikamtekenya kooni. Akakanyaga pedali mpaka sindano ikavunjika. Mteja aliyekuja kugomba kwa sababu sketi yake imechelewa alikumbatiwa mpaka akasahau ugomvi.

"Shangazi," dada mtu akasema, ameinua shati la shule. "Hili lina mikono mitatu."

Shangazi akalitazama. Mitatu kweli! "Watoto wa siku hizi wana kazi nyingi," akajibu.

Dada mtu hakucheka. "Mdogo wangu kajifungua, siyo?"

"Nani kakwambia? Mimi sijasema! Wa kike, kilo tatu na..." Akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Maji yalishamwagika, nayo hayazoleki. Akasubiri kilio.

"Funga kibanda," dada mtu akasema. "Twende. Haraka!"

Wakaenda mbio, Shangazi akihema nyuma, futi ya kupimia nguo ikimning'inia shingoni. "Mwanangu, ukiona huwezi tutarudi," alisema kila kona. Dada mtu akazidi kukaza mwendo.

Wodini wajomba na mama wadogo walikuwa kando ya kitanda cha mzazi, wanacheka kwa sauti. Mlango ulipofunguka, kimya. Mama mdogo mmoja akamfunika mtoto shuka upesi upesi, kama mtu anayeficha mkate. Dada mtu akalifunua, akampakata, akamtazama muda mrefu. Moyo wa Shangazi ulikuwa unapiga kuliko cherehani.

"Mbona mmenyamaza?" dada mtu akauliza. "Mlidhani nitamchukia? Mimi ni mama yake mkubwa! Kinachoniumiza si mtoto huyu, ni nyinyi. Wangu nilimwona mimi peke yangu. Miezi mitano, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza alifanana na nani."

Shangazi aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Amri ilikuwa yake. Akasogea.

"Alifanana na nani, mwanangu?"

Machozi yakamtoka dada mtu, na hapo hapo akacheka, kicheko ambacho ukoo haukuwa umekisikia tangu msiba. "Na wewe, Shangazi! Pua hiyo hiyo. Na alikuwa hatulii hata dakika."

"Pua yangu?" Shangazi akaishika, akalia kwa sauti.

"Na nywele?" kaka yake akauliza.

"Na vidole, vilikuwaje?" akadakia mjomba. "Alikuwa anafumbua macho?"

Wakamzunguka dada mtu, wakauliza wote kwa pamoja, kwa pupa, na yeye akawajibu mmoja mmoja, mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha.