Sauti Aliyoitaka Wifi

Wifi yangu haingii dukani kwangu bila kunitukana kwanza. Leo alinitupia simu mezani mbele ya wateja.

"Si unajiita fundi wewe? Video ya sherehe ya mama haina sauti. Familia nzima tumeipakua kwenye kundi, tunaona midomo tu ikichezacheza."

Nikaifungua kwenye kompyuta. Sauti ilikuwemo, ila ilirekodiwa kwa mfumo ambao simu nyingi haziusomi. Dawa yake ni kuibadilisha sauti peke yake, picha huigusi.

"Ukimaliza uirushe hapohapo kwenye kundi," akaamrisha. "Watu wasikie nilivyomsifu mama."

Mimi sitoi kazi bila kuisikiliza mpaka mwisho. Nikavaa hedifoni. Wifi akamsifu mama yake hadi makofi yakapigwa. Kisha akarudi kuketi jirani na simu iliyoegeshwa mezani ikirekodi, akamnong'oneza mdogo wake: "Bibi kizee huyu akifa hata kesho, nyumba tunauza. Nimechoka kumwogesha."

Nikavua hedifoni. "Wifi, sikiliza kipande cha mwisho kabla sijatuma."

"Nisikilize nini na mimi nilikuwepo? Tuma! Kazi yako kutengeneza, si kunipangia."

"Una hakika?"

"Huyu mwanamke kiziwi? Nimesema tuma!"

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikatuma.

Wa kwanza kuifungua alikuwa mama mkwe.