Nakala ya Marehemu Rigobert

Mimi nina hasira za karibu, na sizifichi. Mteja akiniletea kompyuta iliyokufa, swali langu la kwanza ni moja: nakala iko wapi? Akianza kutazama viatu vyake, najua hana, na ninampa maneno yake hapohapo mbele ya wenzake. Nimewahi kumliza padri. Duka langu liko Anderlecht, hapa Ubelgiji, hatua chache kutoka metro Saint-Guidon, na watu wa Katanga wa upande huu wote wanajua kwamba Donat anatengeneza vizuri lakini ana mdomo.

Kwa hiyo Alhamisi ile ya Oktoba 2014, maman Alphonsine alipoingia amekumbatia kompyuta iliyofungwa kwa kitenge, nilijiambia mapema ninyamaze. Yeye sikuweza kumfokea. Alikuwa mjane wa Rigobert, na Rigobert ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii nikiwa na begi moja. Nililala kwenye kochi lao miezi saba. Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini nilimwita kaka, yeye akaniita mdogo wake, mpaka alipofariki Februari ya mwaka uleule.

"Donat, mudogo yangu, machine ya Rigobert imekufa," alisema. "Inalia tu ta-ta-ta, kisha inazima."

Nilijua mlio ule. Diski ya ndani ilikuwa imekwisha, na diski ikilia hivyo hairudi.

"Na bintu bya Mbombo byote biko mule ndani?" nilimuuliza.

"Byote."

Mbombo alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Alphonsine. Mama yake alipofariki, msichana akiwa na miaka miwili, Alphonsine na Rigobert walimchukua, na kwetu maneno yanaishia hapo: mtoto wa dada yako ni mtoto wako, hakuna anayekudai karatasi. Walipokuja Ubelgiji walimwacha Likasi, kwetu Katanga, kwa jirani, wakasema ni mwaka mmoja tu. Sasa ulikuwa wa tisa. Ofisi ya hapa ilikuwa imewakatalia kumleta, kwa sababu katika Kifaransa chao Alphonsine aliandikwa "tante", neno lao moja kwa shangazi na mama mdogo, na mtu akiwa tante hawaoni kwa nini mtoto amlilie.

Walikata rufaa. Mwanasheria wao, Maître kama walivyomwita, alitaka ushahidi kwamba walimlea kweli: hukumu ya mahakama ya Likasi iliyowapa ulezi, picha za utotoni, na video za kila Jumapili, maana Rigobert alikuwa akirekodi mazungumzo yao ya Skype. Karatasi na albamu zenyewe hazikuwepo tena. Mvua iliezua paa la nyumba ya Likasi mwaka 2012, vyote vikawa uji. Bahati ni kwamba kabla ya mvua hiyo Rigobert alikuwa ameshaviskani na kuviweka ndani ya kompyuta. Mwanasheria alisema vifike mezani kwake Jumatatu saa nne asubuhi, na kwamba hakutakuwa na nafasi nyingine.

"Na copie?" niliuliza habari za nakala, kwa sauti ya chini ambayo wateja wangu hawaijui.

"Copie iko," alijibu bila wasiwasi wowote. "Rigobert alikuwa anaifanya kila premier samedi ya mwezi. Iko mahali pa muzuri. Weye tengeneza tu machine."

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi! Nilitaka kumkumbatia. Miaka yote hii ya kupiga kelele, mtu mmoja tu ndiye aliyenisikiliza, naye yuko kaburini.

Kwa kweli mimi ndiye niliyemfundisha Rigobert, mwaka 2010, mezani kwake, kati ya sahani za chakula. Nilimwonyesha namna ya kuchukua kompyuta nzima kama ilivyo, na programu zake na mafaili yake, na kuihifadhi kwenye diski ya nje iliyoandaliwa kwa mfumo wa Linux. Alikuwa mlinzi wa jengo la maofisi, mtu wa daftari na saa, na alinishinda kwa uangalifu. Diski ya kwanza ilipoharibika alinunua nyingine, akaiandaa mwenyewe vilevile, akanipigia simu kujisifu. Nilimpongeza. Diski yenyewe sikuiona.

Ijumaa niliweka diski mpya ndani ya kompyuta. Diski mpya haina kitu, na kompyuta isiyo na kitu haijui hata kuamka, kwa hiyo inahitaji flashi ya kuiamsha na kuirudishia mali yake. Maman Alphonsine alikuwa ameniachia flashi yake. Kutengeneza flashi ya namna hiyo kunafuta kila kilichomo, na mimi katika hilo ni mkali. Nilimpigia simu akiwa kazini, kule Etterbeek anakohudumia wazee.

"Maman, mu hii clé muko nini?"

"Nyimbo za chorale."

"Nitafuta byote. Nifute?"

"Futa."

"Nauliza tena. Nifute?"

"Donat, futa, niko naogesha mutu!"

Ndipo nikafuta. Mara mbili ninauliza, sikuzote. Niliwahi kumwambia Rigobert kwamba anayeuliza mara moja hajauliza.

Jumamosi mchana alikuja kutoka kazini amebeba bukari, ugali wa kwetu, na samaki kwenye bakuli, bado vya moto. Nilichomeka flashi, nikawasha mashine, nikaingia kwenye orodha ya kuchagua ianzie wapi. Ikaamka. Maandishi meupe yakateremka kwenye kioo cheusi, kisha swali likatokea: nakala iko kwenye diski ipi? Maman Alphonsine alipiga makofi kama mtu aliyeona mtoto anapiga hatua ya kwanza.

"Bon," nilisema, nimefurahi na nafsi yangu kuliko inavyofaa. "Sasa lete disque."

Akacheka. Tangu Februari sikuwahi kumsikia akicheka.

"Nilete? Donat, si weye njo uko nayo?"

Sikuelewa, na kabla sijafungua mdomo kumwambia hivyo nikaelewa.

Siku ya arobaini ya msiba tulikuwa tumekusanyika mtaa wa Forest kwa papa Kabeya, kaka mkubwa wa Rigobert, kugawana vitu vya marehemu kama desturi inavyotaka. Suti kwa huyu, saa kwa yule, redio kwa binamu wa Charleroi. Wenye damu walipata nguo, na mimi nisiye na damu nikapewa kilichobaki. "Donat, weye ni mutu wa mashine, twaa hii," alisema papa Kabeya, akanirushia soksi yenye kitu kizito ndani. Maman Alphonsine alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, amefunikwa kitambaa kichwani. Mjane haongei siku ile. Akiongea, watasema anang'ang'ania mali.

Na baada ya siku ile hakuna anayetaja nani alipata nini. Kumuuliza mtu habari za fungu lake ni kama kulidai. Kwa hiyo yeye hakuniuliza kitu miezi saba, na mimi sikumwambia.

"Ile siku nilikuwa nalia, lakini ndani ya roho nilifurahi," alisema sasa, akinitolea samaki miba. "Niliona soksi inaenda kwako. Nikasema, asante Mungu, imeangukia kwa mwenye kujua."

Diski ilikuwa sentimita thelathini kutoka magotini pangu, chini ya kaunta.

Nilikuwa nimeichomeka kesho yake baada ya kugawana. Duka lilikuwa limejaa, watu watatu walikuwa wananisubiri, na Windows ikaniambia diski hii haisomeki, lazima iformatiwe, yaani ifutwe na kuandaliwa upya, kabla ya kutumika. Mtoto wa shule ya ufundi anajua Windows husema hivyo ikikutana na diski ya Linux. Mimi niliwafundisha wengine. Lakini nilikuwa na haraka, na kilikuwa kitu changu, nimepewa mbele ya watu, na machoni pangu kilikuwa diski tupu ya marehemu. Nilibonyeza sawa. Sikujiuliza hata mara moja. Kisha nikaijaza: filamu za wateja, harusi tatu, mahubiri, muziki. Kila wiki niliongeza.

"Iko nyumbani," nilimwambia maman Alphonsine. "Kesho nitaileta."

Ndiyo, nilidanganya. Mtu mwenye mdomo kama wangu, nikaogopa mwanamke aliyeshika samaki. Alinifuta mchuzi kwenye mkono, akaenda kuwahi metro.

Nilifunga duka mchana kweupe, nikawasha programu zote nilizonazo za kufukua mafaili yaliyofutwa. Nilijua jibu. Kitu kikifutwa tu, unaweza kukirudisha. Kikifutwa na juu yake ukapanga filamu mia nne, umekizika. Hata hivyo nilikaa pale mpaka chakula kikaganda bakulini. Programu ilinirudishia jina moja la folda, MBOMBO, na tarehe mosi Februari. Rigobert alifariki siku kumi na moja baadaye. Alikuwa hawezi tena kupanda ngazi bila kupumzika, lakini premier samedi ilifika na akaketi akafanya nakala. Pembeni ya jina programu iliandika: asilimia sifuri. Nililia, nikajitukana kwa maneno ninayowatukania wateja, na hayakutosha.

Nilimtumia mwanasheria ujumbe kumuuliza kama jina la folda na tarehe vinaweza kuwa ushahidi wa kitu chochote. Alijibu kwa heshima kwamba hapana.

Jumapili saa tisa nilipanda ngazi za jengo lao, karibu na metro Veeweyde. Nilivua viatu mlangoni kama tunavyofanya kwake siku zote. Mezani alikuwa ameweka nafasi ya kompyuta, ameitandikia kitambaa cha kufuma. Niliweka diski juu ya kitambaa, ndani ya soksi yake ileile.

"Maman, kaa kwanza."

Nikamwambia. Nilieleza vibaya, nikianza na Windows na Linux, mpaka akanyanyua mkono.

"Byote?"

"Byote."

"Na karatasi ya tribunal ya Likasi?"

"Nayo."

Nilitamani anipige. Nilitamani anichambe, anitoe nje, aite papa Kabeya na ukoo wote wa Forest. Aliniuliza tu kwa sauti ya kawaida:

"Mbele ya kubonyeza, haukuuliza mutu?"

"Sikuuliza."

"Ungeniita tu. Ningesema." Akaivuta soksi kwake. "Hapana. Labda na miye ningeogopa kusema."

Akaitoa diski kwenye soksi, akaifuta vumbi kwa ncha ya kitenge chake, akairudisha ndani. Simu yake ikaanza kulia. Ilikuwa Skype, Likasi, saa ileile ya kila Jumapili kwa miaka tisa. Hakuishika. Aliisukuma juu ya kitambaa mpaka ikafika mbele yangu.

"Miye nimemudanganya mwaka moja, mwaka moja, mara tisa," alisema. "Leo semea weye."

Nilibonyeza. Uso wa Mbombo ukajaa kwenye kioo, nywele zimesukwa upya, na nyuma yake ukuta mtupu.

"Tonton Donat! Kumbe ni weye! Maman alisema unamaliza leo," alisema. "Ona, nimesukwa. Na kitanda yangu nimepatia Graciella wa hapa jirani, miye nalala chini tu, si siku ni kidogo sasa?"

Nikageuka kumtazama maman Alphonsine. Alikuwa amejifunika kitambaa kichwani na ameketi sakafuni, mgongo umeegemea ukuta.

"Tonton? Unanisikia? Copie iko wapi, tayari imefika kwa Maître?"

Niliangusha macho kutafuta viatu vyangu. Nilikuwa nimeviacha mlangoni. Nikainua uso, na mtoto alikuwa bado anatabasamu, anangoja nimjibu.

"Mbombo," nilisema, "kosa ni yangu."