Mti Haujaisha

Kwenye mikorosho yetu ya Mitole baba hana mchezo. Msimu wa kupulizia dawa, kibarua akiruka tawi moja anarudishwa kwa matusi. "Maliza mti! Mdudu uliyembakiza ndiye aliyeizoea dawa, na mwakani atakuletea wanawe!" Kijiji kizima kinamwita Fundi Likwata kwa ajili hiyo. Nami nilijivunia.

Sasa sikieni alichokifanya nyumbani.

Dada yangu Fauzia alijikata mguu kwa panga akifyeka chini ya mikorosho hiyohiyo. Zahanati wakampa vidonge vya rangi mbili, wakamwambia ameze mpaka viishe, hata kidonda kikikauka. Kilipoanza kukauka tu, baba akavichukua vilivyobaki. Vichache akampelekea jirani yetu Shamte, maana kumnyima jirani dawa ni aibu. Vingine akavipasua, akamwaga unga wake kwenye kopo la maji ya kuku, eti kuwakinga na ugonjwa wa kideri.

Kuku wakafa. Mguu wa Fauzia ukavimba upya, ukatoa usaha, ukanuka. Baba akanunua vidonge vilevile. Havikufanya kitu.

Nikampakia dada kwenye bodaboda hadi hospitali ya wilaya. Wakachukua usaha, wakaupima. Daktari Jenipher akatuambia bila kupepesa macho:

"Vijidudu dhaifu vilikufa mwanzoni. Vikaidi vikabaki, vikazaliana. Dawa ile sasa vinainywa kama uji. Nitampa nyingine, kali zaidi. Nayo ikishindwa, tutaongea habari ya kukata mguu."

"Kaka," Fauzia akaniuliza, "shambani nitasimamaje?"

Nikamvutia shuka mguuni. Hasira ilikuwa imenijaa.

Nilirudi nyumbani kuchukua nguo zake, nikampita baba barazani bila salamu.

"Rehani! Siku hizi unaingia kama mbuzi?"

"Mdudu uliyembakiza ndiye aliyeizoea dawa. Nani alisema hivyo, baba?"

"Usinifundishe kilimo!"

"Ni chako, nakurudishia. Mguu wa Fauzia unataka kukatwa kwa sababu ya kuku!"

"Mwanangu si mkorosho!"

"Ndiyo. Mkorosho ungeumalizia dawa."

Akainua mkono. Ukabaki hewani, kisha akaushusha. Heri angenipiga.

Dawa kali ilishika. Uvimbe ukashuka, Fauzia akaruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vya kumalizia. Hata hajakaa sawasawa mkekani, baba akaingia. Nyuma yake, mlangoni, amesimama Shamte.

"Kidonda kimekauka, alhamdulillahi," baba akasema. "Mtoto wa Shamte ana jipu. Mpe viwili tu, Fauzia mwanangu."

Niliruka. Fauzia akanishika shati.

"Kaa, kaka."

Akameza kidonge chake mbele yetu sote, taratibu, akafunga pakiti kwenye pindo la kanga. Akamtazama baba usoni.

"Mti haujaisha, baba."

Shamte akacheka kidogo, kisha akaona hakuna mwenzake anayecheka. Baba akamgeukia Shamte.

"Mpeleke mwanao zahanati," akamwambia, kwa sauti ileile anayowafokea vibarua. "Na wakikupa dawa, zimalize!"

Akatoka nje. Fauzia hakuombwa radhi, wala mimi.

Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Kumsamehe bado. Vidonge navyo bado.