Ungeniambia Hivyo
Muuguzi alipofika na sindano, fundi cherehani alikuwa akimnyonyesha bintiye aliyezaliwa asubuhi ile.

"Ni ya nini, dada?"

"Ya kawaida tu, mama. Watoto wote wanachomwa."

Moyo ukamlipuka. Kifungua mimba wake aliugua, akachomwa sindano, akafa, na hakuna aliyemweleza kitu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Huyu hapana," akasema.

Muuguzi alikuwa na wodi nzima ya kuhudumia. Akashusha pumzi. "Haya, mtoto ni wako." Akaenda kitanda cha pili.

Mtoto alinawiri hadi mwezi wa pili. Kisha siku moja akalia bila kunyamaza, akakataa titi, akalegea kama kitambaa kilicholowa. Baba yake alimbeba mbio hadi hospitali.

"Damu imevujia kwenye ubongo," daktari akawaambia. "Watoto wachanga huwa na upungufu wa vitamini inayogandisha damu. Ndiyo maana tunawachoma sindano wakizaliwa."

Mama akamkazia macho. "Sindano ile ilikuwa ya hayo tu?"

"Ya hayo tu, mama."

Mtoto alifariki kesho yake. Baada ya maziko, mama alirudi wodini akamkuta yule muuguzi.

"Sikuja kugombana," akamwambia. "Ila ungeniambia hivyo, dada, mimi mwenyewe ningekushikia paja la mwanangu umchome."

Muuguzi alitaka kusema kuna wagonjwa wengi, lakini akamvutia kiti. Akaketi kando yake, wakalia wote wawili.