Tambuu ya Kumposa Febri

Wagiman ndiye aliyemzaa Febri, lakini siku Febri alipokuja kuposwa, kazi aliyopewa Wagiman ilikuwa kubeba sinia la rendang, nyama iliyokaushwa kwa nazi na viungo. Ndivyo walivyo Waminang wa Sumatra. Nyumba ni ya mke, mtoto ni wa ukoo wa mama, upande wa msichana ndio unaokwenda kuposa, na anayeombwa kijana ni mjomba. Mume ni majivu juu ya kisiki, wanasema wenyewe. Upepo ukivuma, kwaheri. Wagiman, fundi cherehani, Mjava wa Solo, alikuwa ameishi na msemo huo miaka ishirini na sita na bado ulimchoma.

Aliyemnyima usingizi ni shemeji yake, Syafrial, kaka wa mkewe. Hakuwahi kumkosea hata kidogo, na hilo ndilo lililozidi kumkera. Febri akiwa na mjomba wake hupiga soga kwa Kiminang mpaka wanashikana mabega kwa kicheko. Akimgeukia baba yake, anasema Kiindonesia kilichonyooka, kama mtu aliyefuata kitambulisho ofisini. Kijava anajua kuhesabu tu, tena mpaka kumi. Basi kuzaa si kazi, kazi kulea. Na aliyekesha naye alipougua surua, akambeba mgongoni kwenda shule wakati wa mafuriko, ni nani? Wivu ulimkaba Wagiman, wala hakuuonea haya.

"Baba Febri, koti jipya la nini?" mkewe Yusmaniar alimuuliza jikoni. "Utalimwagia mchuzi."

"Anaposwa mwanangu."

"Kwani nani kasema si wako? Haya, shika sinia, wageni wana njaa."

Sebuleni, mbele kabisa, alikaa Syafrial. Mkabala naye alikaa Mzee Nasrun, mjomba wa msichana, na watu wake watano. Baada ya kula, Nasrun alikohoa.

"Kwetu tumeweka ngazi mlangoni," alisema. "Imenyooka, imara. Ila haina wa kuipanda."

"Ngazi nzuri haikosi mpandaji," Syafrial alijibu bila kupepesa. "Lakini na mpandaji ana miguu yake, sharti tuiulize."

Watu wakacheka. Wagiman alisimama na sinia, akitamani ulimi ule uwe wake. Kisha Nasrun akakisukuma kijaluba cha tambuu mbele ya Syafrial. Atakayetwaa jani amekubali posa. Syafrial akaiweka sawa kofia yake, taratibu, kama mwenye siku nzima.

Wagiman hakungoja. Alitua sinia, akapitisha mkono mbele ya uso wa shemeji yake, akachukua jani, akalitia kinywani.

"Nimekubali," alisema. "Baba yake ni mimi."

Mzee Nasrun alikivuta kijaluba chake.

"Syafrial, hivi tumekuja kuongea na nani? Kama nyumba hii haina msemaji, tuambiwe twende zetu."

Penye pazia Wagiman aliona uso wa Febri umesawijika. Hapo ndipo alipotambua kwamba anamvunjia mwanawe ndoa.

Syafrial akacheka.

"Tulia, Mzee wangu. Nilimwambia mimi. Nilisema, Shemeji, leo tambuu anza wewe, umetulelea kijana. Sikuwaarifu mapema, hilo kosa langu." Akanyoosha mkono, akatwaa jani la pili.

"Kumbe!" Nasrun alisema, na uso ukamkunjuka. "Mjomba wa namna hii siku hizi utampata wapi?"

Wakamsifu Syafrial, huyu kwa hekima, yule kwa moyo. Wagiman alitafuna jani chungu. Hata kosa lake alikuwa amenyang'anywa.

Febri aliingia, akapiga magoti, akabusu mkono wa mjomba wake kwanza.

"Asante, Mjomba," alisema kwa Kiminang. "Umempa baba heshima."

"Hakunipa," Wagiman alisema. "Nimejichukulia mwenyewe."

Wageni waliangua kicheko.

"Huyu Mjava ana utani huyu!" Nasrun alisema akifuta machozi.

Aliyecheka kwa mapenzi kuliko wote ni Syafrial. Alisogea, akapigapiga mkeka kando yake.

"Njoo, Shemeji, kaa hapa kwangu."

Wote walikuwa wakimtazama, Febri naye akitabasamu. Wagiman akakaa.